Jina Langu Ndani ya Faili la Hawa

Kabla hujamtumia mtu faili lolote, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, fungua pale penye maelezo ya faili, uone jina la nani limeandikwa humo. Sitaki kusikia umesahau. Mimi nilisahau mara moja tu, binti wa watu nusura akose kazi, na mimi nikatukanwa matusi ambayo mpaka leo nikiyakumbuka nacheka peke yangu jikoni, wajukuu wananitolea macho.

Ninyi mliochukua kiti changu mmeniomba niwaandikie kidogo jinsi kazi ya jarida ilivyokuwa. Mmesema "kidogo" kwa sababu mnanijua. Haya, kaeni vizuri.

Naitwa Zuhura Maganga. Nilianza nikiwa mpiga chapa, baadaye wakaniita katibu muhtasi, mwisho msaidizi wa uhariri. Kazi ilikuwa ile ile na kiti kile kile, mguu mmoja umefungwa waya. Chuo chetu hapa Dodoma kilikuwa kidogo lakini kilikuwa na jarida la kitaaluma, maana wakubwa waliona aibu kuwa na chuo kisicho na jarida. Lilitakiwa kutoka mara nne kwa mwaka. Lilikuwa likitoka mara moja, na mwaka ambao halikutoka kabisa tuliandika kwenye jalada la toleo lililofuata kwamba hili ni toleo maalumu la miaka miwili. Watu wakatupongeza.

Aliyenifundisha kazi ni Mama Perpetua, mpiga chapa wa zamani, mwanamke mnene, mpole, asiyesamehe. Enzi hizo tulichapa kwenye stensili na kuizungusha kwenye mashine ya kurudufu mpaka wino unakufika kwenye kwapa. Mama Perpetua alikuwa na sheria moja: jedwali halisomwi kwa macho, linasomwa kwa rula. Unaweka rula chini ya mstari, mmoja anasoma kwa sauti nakala ya mkono, mwingine anafuata kwenye stensili. Mkifika mwisho mnarudi tena, safari hii kutoka chini kwenda juu, kwa sababu ukisoma kwenda chini akili inakimbilia chai. Akikukamata na kosa hakufokei. Anakupa kichupa cha dawa ya kusahihishia, anakaa kukutazama mpaka dawa ikauke. Afadhali angefoka.

Basi, Mama Perpetua akastaafu, kompyuta zikaja, na soko huria likaja na mambo yake. Ilikuwa miaka ambayo kila kitu kinauzwa. Maji yakaanza kuuzwa kwenye chupa, mitumba ikajaa Chang'ombe ya hapa Dodoma mpaka mhadhiri na mwanafunzi wake wanakutana darasani wamevaa shati moja. Katikati ya hayo ndipo akaja mwezeshaji kutoka Dar es Salaam, ana santuri ya kompyuta mkononi, akatuambia kuna programu ya kuendeshea jarida, na ni ya bure.

Mwenyekiti wetu wa bodi ya uhariri alikuwa Profesa mmoja mrefu, nadhifu, mwenye kalamu tatu mfukoni, zote nyekundu. Sitamtaja jina, ana watoto wake wananisalimia vizuri.

"Bure kivipi?" akauliza.

"Ni programu huria, Profesa. Watu wa vyuo mbalimbali wameijenga pamoja na wanaendelea kuijenga. Mwandishi anatuma makala humo, mpitiaji anasoma humo, mhariri anaamua humo, jarida linatoka humo. Unaruhusiwa hata kuifungua ndani uone ilivyotengenezwa, uirekebishe."

"Na mwenyewe ni nani?"

"Haina mwenyewe mmoja, Profesa."

"Ikiharibika, barua tunamwandikia nani?"

Wakubwa wakatikisa vichwa wote, hoja nzito hiyo. Akapata nguvu, akauliza na kama haina mwenyewe, nani atakuwa mgeni rasmi wa uzinduzi. Mwezeshaji wa watu akafungua chupa yake ya maji akanywa mpaka nusu.

Tuliichukua hata hivyo, kwa kuwa chuo cha jirani kilikuwa kimeshaichukua. Siku ya pili ya semina tukagawana kazi ndani ya programu, na hapo ndipo matatizo yetu yote yalipozaliwa. Programu ina ngazi: kuna mwandishi, kuna mpitiaji wa makala, kuna mhariri wa sehemu, kuna mhariri mkuu. Mwezeshaji akaonyesha ukutani mchoro, mhariri mkuu juu, wengine chini. Hakuna aliyetaka kuandikwa chini. Mmoja alisema yeye ana shahada ya uzamivu, hawezi kuwa mpitiaji kama mtu anayepita njia. Mwingine akasema kama fulani ni mkuu, na yeye ni mkuu, waliajiriwa siku moja. Mwezeshaji akaniangalia mimi niliyekuwa kwenye kompyuta. Nikawaandika wajumbe wote saba wa bodi wahariri wakuu, na hapo hapo wote ni wapitiaji. Ilinichukua muda mfupi kuliko kuwasikiliza.

Kazi ikaanza. Programu inatuma barua pepe yenyewe kila hatua: makala imepokelewa, imepelekwa kwa mpitiaji, uamuzi umetoka. Mwenyekiti akasema barua ambayo haina mhuri si barua. Kwa hiyo utaratibu ukawa huu: barua pepe ikiingia, naichapisha kwenye karatasi, naigonga mhuri, naitia kwenye faili, faili linakwenda masijala, masijala wanalipeleka kwa Mwenyekiti, yeye anaandika "Nimeona" kwa wino mwekundu bila kusoma, linarudi. Programu iliyoletwa kupunguza karatasi ilitumalizia bunda la karatasi kila wiki. Na kwenye tovuti yenyewe hakuna mkubwa aliyewahi kuingia kuangalia. Walikuwa na faili, tovuti ya nini?

Lakini kilichowatesa kabisa wazee wetu ni ile kanuni ya kuficha majina. Mpitiaji hatakiwi kujua kaandika nani, na mwandishi hatakiwi kujua kapitiwa na nani. Mwenyekiti mwenyewe alinijia mezani, makala mkononi, kakunja uso.

"Bi Zuhura, huyu ni mkubwa kwangu au mdogo?"

"Siruhusiwi kusema, Profesa."

"Sikuombi jina. Nataka kujua tu, namwamkia au ananiamkia? Nitaanzaje kumsahihisha mtu ambaye hatujasalimiana?"

Mwisho aliandika hivi, nakala ninayo: "Shikamoo mwandishi, endapo ni mkubwa, marahaba, endapo ni mdogo. Kazi ni nzuri sana. Hongera. Ongeza nukta ukurasa wa nne." Na msicheke, wote waliandika hivyo hivyo. Miaka yote ile hakuna makala iliyoambiwa kwamba ina kosa. Mtu asiyejua anamkosoa nani anaona heri ampongeze, asije akawa amemvunjia heshima mkwewe.

Isipokuwa Dokta Ndahani.

Dokta Ndahani alikuwa Mgogo wa vijiji vya huko Chamwino, mtaalamu wa kilimo, mzee mfupi mwenye kicheko cha kusikika hadi getini. Na mimi ni mtani wake. Babu mzaa babu yangu alikuwa Mnyamwezi, alipita hapa akiwa mpagazi katika msafara wa pembe, akachoka, akabaki, akasilimu, ndio sisi tuliojaa mjini. Zamani hizo Wagogo walitoza misafara hongo ndipo wawape maji. Kwa hiyo kila asubuhi Dokta akipita mlangoni kwangu alisema, "Wewe mtani, bado upo? Msafara ulishaondoka zamani, wamekusahau." Na mimi namjibu, "Siondoki mpaka mrudishe hongo ya maji mliyomnyang'anya babu yangu." Tulikuwa hivyo kwa miaka mingi. Siku tusipotukanana, mmoja wetu ni mgonjwa.

Sasa katika semina ile Dokta alijifunza jambo moja akalipenda: kubonyeza kitufe cha kulia. Alibonyeza kulia kwenye kila kitu, akaona maelezo ya kila faili, limezaliwa lini, lina uzito gani, limetengenezwa na nani. Mimi sikujua. Ningejua ningemnyang'anya kipanya.

Ndipo akaja Hawa. Hawa alikuwa mhadhiri msaidizi, Mrangi wa Kondoa, msichana mwembamba, mkimya, wa kuandika kila kitu kwa mkono kwenye daftari kubwa. Alikuwa ameajiriwa kwa mkataba, na mkataba ulibakiza wiki sita. Chuo kilimwambia wazi: akiwa na makala moja iliyokubaliwa kwenye jarida anathibitishwa kazini, akiwa hana, anarudi kwao. Alikuwa na mama mgonjwa na wadogo zake wawili shuleni, wote macho kwake.

Makala yake ilihusu jinsi wakulima wa Kondoa na Chemba wanavyoujua udongo, wanavyouita, wanavyouonja. Ndiyo, wanauonja kwa ulimi. Alikaa na wazee wa Kisandawe, wenye lugha ya kugonga ulimi, akaandika majina yao ya udongo kwa alama ambazo kompyuta yangu ilizigeuza kuwa visanduku vitupu, nikazichora kwa kipanya moja moja. Kazi ya maana ile. Katikati palikuwa na jedwali: aina ya udongo huku, mahali unapopatikana kule.

Nilipiga chapa makala yote mimi. Nikafuta jina la Hawa juu, nikafuta shukrani kwa mama yake, nikaona nimeficha kila kitu, nikaituma kwenye programu. Jedwali sikulisoma kwa rula. Nilijiambia hii ni kompyuta bwana, rula ni mambo ya stensili. Ingekuwa na kosa si ingepiga mstari mwekundu? Programu ikaipeleka kwa mpitiaji wa zamu, Dokta Ndahani.

Baada ya wiki tatu nikafungua barua za ofisi asubuhi, nikakuta uamuzi. Nikauchapisha, nikaanza kusoma huku mkono unatafuta mhuri. Maneno yenyewe haya:

"Makala hii imeandikwa na mtu aliyeachwa na msafara. Anasema udongo mweusi wa mbugani unapatikana juu ya mlima. Ulipandaje? Ulibebwa na punda wa babu yake? Anasema changarawe nyekundu iko mbugani. Huyu hajawahi kushika jembe, ameshika kijiko tu. Itupwe. Mwandishi alipe mbuzi mmoja, na asipewe maji mpaka afike Manyoni. Nimekataa."

Nilicheka, jamani. Nilijua papo hapo ni nani, na nikajua ananitukana mimi. Nikagonga mhuri wa IMEKATALIWA huku nacheka. Kisha nikaangalia juu nione ni makala gani, nikaona udongo wa Kondoa. Kicheko kikaniishia mdomoni.

Dokta alikuwa mpitiaji, lakini mimi mwenyewe nilikuwa nimemwandika pia mhariri mkuu. Mpitiaji wa kawaida anashauri tu. Mhariri mkuu akibonyeza "kataa", programu haina habari na utani wa mtu, inaandika barua na kuipeleka kwa mwandishi palepale.

Hawa aliingia kabla sijaamua nifanye nini. Alikuwa ameisoma kwenye duka la intaneti mjini, watu wamemzunguka. Macho yamevimba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, mimi nimemkosea nani hapa chuoni? Nani ananichukia hivi? Anamtukana mpaka babu yangu."

Akatoa daftari lake. "Na huu udongo mama, mimi sikuandika hivi. Angalia."

Nikavuta droo, nikatoa rula ya Mama Perpetua. Mstari wa kwanza sawa. Wa pili, nikaona. Katika safu ya upande wa kulia niliruka neno moja, na maneno yote yaliyofuata yakapanda ngazi moja juu. Udongo wa mwisho ulipobaki bila mahali pake, nikaujazia neno lililokuwa jirani. Udongo wa mbugani nimeupandisha mlimani mimi mwenyewe, kwa vidole hivi. Nilitamani Mama Perpetua anifokee.

"Hawa," nikamwambia, "kosa ni langu. Na matusi yale ni yangu, si yako."

Akanishika mkono. "Usinifariji mama." Akaondoka, hakuniamini hata kidogo.

Nikaenda kwa Dokta Ndahani. Alikuwa ananisubiri kwa hamu, kapanga na majibu. "Barua umepata, mtani? Mbuzi yuko wapi?"

"Dokta, ile makala sikuandika mimi."

"Acha uongo. Nimebonyeza kulia, jina lako limo ndani ya faili. Z. Maganga, mwandishi. Nikasema leo mtani kawa msomi, nimkaribishe."

"Nimepiga chapa tu. Kompyuta inaandika jina la mwenye kompyuta."

Akavua miwani. "Nimemtukana nani?"

"Siruhusiwi kusema."

"Ni mtani wangu angalau?"

"Si mtani wako."

"Mungu wangu." Akajifuta uso. "Lakini ule udongo, mama..."

"Udongo niliuharibu mimi."

"Basi mbuzi ni wako kweli," akasema, lakini hakucheka.

Kikao cha bodi kilifuata. Nikasimama nikaeleza yote, kosa langu lote, jina ndani ya faili, jedwali, rula. Na kumbukeni, nilikuwa mjane na nyumba ya kupanga. Mwenyekiti akafungua faili, akagusa mhuri kwa kidole. "Mhuri umeshagongwa," akasema. Akasema uamuzi ukishagongwa mhuri unatenguliwa na kamati ndogo, na kamati ndogo itaundwa na kikao kijacho, na kikao kijacho ni baada ya miezi mitatu. Mkataba wa Hawa ulikuwa umebakiza wiki mbili na nusu. Mimi nikapewa barua ya onyo. Niliipiga chapa mwenyewe, mpiga chapa mwingine hakuwapo, na nikaisoma kwa rula.

Tulipotoka, Dokta akanisubiri kwenye ngazi. "Mtani, kwenye ile programu yenu ya bure, mimi ni nani?"

"Mhariri mkuu."

"Na Mwenyekiti?"

"Mhariri mkuu. Wote saba."

"Mkuu anaweza kufuta alichokiamua mwenyewe?"

"Bonyezo moja tu."

Akasema hatafuta bila kusoma, maana hilo lingekuwa kosa juu ya kosa. Nikamletea makala upya, jedwali limenyooka. Aliisoma siku nne. Akaandika kurasa tatu, kwa adabu, mstari kwa mstari: hapa ongeza jina la kijiji, hapa uliza na wanawake maana wao ndio wanaolima, hapa umeharakisha. Hawa akasahihisha yote kwa siku tano, analala juu ya daftari. Dokta akarudi ofisini kwangu, akakaa kwenye kiti changu chenye waya, akabonyeza "kubali" kwa kidole kimoja, polepole, kama anayetoa mwiba.

Barua ikatoka. Nikaichapisha, nikagonga mhuri wa IMEKUBALIWA, nikaitia kwenye faili nyuma tu ya ile ya IMEKATALIWA, ikaenda masijala. Mwenyekiti akaandika "Nimeona". Nilijua hataisoma, na sikumsumbua. Hawa akathibitishwa kazini siku mbili kabla ya mkataba kwisha.

Miaka ilipita, akawa Dokta Hawa, nanyi mnamfahamu. Kila tulipokunywa chai alikuwa na wimbo mmoja. "Yule mpitiaji wa pili, mama, alikuwa na utu. Alinisoma kweli. Lakini yule wa kwanza! Yule Mungu anamwona." Mimi nakoroga chai. Kanuni ni kanuni, na Dokta Ndahani alikuwa ameniomba nisimtaje maadamu yu hai. Tangu jarida lilipotoka na jina la mwandishi, alimpisha Hawa kwenye ngazi kila walipokutana, mzee mzima, na Hawa hakuelewa kwa nini.

Dokta alifariki akiwa ameshastaafu. Tulikwenda kumzika kijijini kwao na basi la chuo, wakubwa kwa wadogo. Nanyi mnajua, mtani msibani ana kazi yake. Watu walikuwa wamelia mpaka wamekauka. Nikasimama mbele, kamba ya mbuzi mkono mmoja, karatasi mkono mwingine, nikasema, "Maiti haiondoki hapa. Nimekuja kudai maji ya babu yangu." Ndugu zake wakaanza kucheka katikati ya machozi. Nikasema pia nimeleta deni, maana marehemu alinihukumu, na hukumu yenyewe hii hapa, ina mhuri. Nikaisoma yote. Aliyeachwa na msafara. Punda wa babu yake. Kijiko. Kila nilipotua, watu walipiga makofi na kuangua kicheko, mjane wake akajiziba uso kwa khanga anacheka na kulia, na mimi naendelea kusoma.

Nilipofika pa kutopewa maji mpaka Manyoni, nikainua macho nikamwona Hawa kati ya wanawake. Hakuwa anacheka. Alikuja mbele taratibu mpaka nilipo.

"Kumbe ni yeye," akasema.

"Ndiye."

"Na yule wa pili? Mwenye utu?"

"Ndiye huyo huyo, mwanangu. Matusi yalikuwa yangu, nilikwambia."

Akaligeukia jeneza. Kisha akapiga magoti mavumbini, akalishika, akasema "Shikamoo mzee" kwa sauti ambayo wote tuliisikia. Akasimama, akachukua kamba ya mbuzi mkononi mwangu, akampeleka mbuzi yeye mwenyewe kwa mjane.